Ndugu yako kafungwa kwa unyang'anyi wa silaha au mauaji? Rufaa inavyokatwa Tanzania

Anza na siku, mengine baadae. Kama kahukumiwa mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, tuseme kwa unyang'anyi wa kutumia silaha ambao kifungo chake hakishuki chini ya miaka 30, ana siku 10 tu za kutoa notisi kwamba anakusudia kukata rufaa Mahakama Kuu, halafu siku 45 za kupeleka hati ya rufaa yenyewe, ila kwenye hizo 45 ule muda mliosubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi (kumbukumbu ya yote yaliyosemwa mahakamani) hauhesabiwi. Kesi ya mauaji kwa kawaida inasikilizwa Mahakama Kuu kwahiyo rufaa inaenda Mahakama ya Rufani, notisi ndani ya siku 30. Aliyeko gerezani anakabidhi karatasi zake kwa mkuu wa gereza, na mwambieni ahakikishe tarehe ya kukabidhi imeandikwa, maana siku zikipita itabidi aombe kuongezewa muda na hiyo tarehe ndo itamtetea.

Sasa mwenendo wa kesi. Usomeni wote, neno kwa neno, hata kama mmelipia wakili. Watu wengi wanajaza hati ya rufaa na "sikutenda kosa" kwa namna tano tofauti, inaumiza sana kuona hivyo kwa sababu jaji wa rufaa anafanyia kazi kilichoandikwa, anataka umwonyeshe shahidi namba 2 alisema hivi, namba 4 akasema vile, hakimu akapita kimya.

Kesi nyingi za uvamizi wa usiku zinasimama kwa shahidi aliyesema "nilimtambua", na hapo ndo pa kukaza. Tangu kesi ya Waziri Amani ya 1980 msimamo ni kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, mahakama isiutegemee mpaka ijiridhishe kwamba hakuna uwezekano wa kukosea. Kwahiyo tafuteni kwenye mwenendo: mwanga ulitoka wapi na ulikuwa mkali kiasi gani (kusema tu "taa ilikuwa inawaka" haitoshi), walisimama umbali gani, alimwona kwa muda gani, alikuwa anamfahamu kabla. Kama anasema anamfahamu, je alimtaja jina palepale kwa majirani au polisi, au alikuja kumtaja baada ya siku kadhaa? Kesi ya Marwa Wangiti Mwita imelisema hilo wazi, kumtaja mapema kunaongeza uzito wa ushahidi na kuchelewa kunaleta mashaka. Na kama hakumfahamu, gwaride la utambulisho, yaani kupanga watu mstari ili shahidi amchague, lilifanyika? Kumnyooshea kidole kizimbani peke yake ni ushahidi mwepesi mno.

Vielelezo navyo. Maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoandikishwa polisi, yanatakiwa kuchukuliwa ndani ya saa 4 tangu akamatwe, labda muda uwe umeongezwa kisheria. Alipoyapinga mahakamani, je hakimu alichunguza kwanza kama aliyatoa kwa hiari au aliyapokea tu? Yalisomwa kwa sauti baada ya kupokelewa? Kama hayakusomwa omba yaondolewe, Mahakama ya Rufani imeshayaondoa mengi kwa sababu hiyo. Simu au pikipiki aliyokutwa nayo, angalieni kama mlalamikaji alitaja alama zake kabla ya kuonyeshwa na kama imo kwenye hati ya mashtaka. Baada ya kuyatoa yote hayo jiulizeni kimebaki nini, kwa sababu kama kilichobaki bado kinamtia hatiani, kuondoa kielelezo kimoja hakutamsaidia.

Kwa kesi za mauaji za zamani kuna suala la wazee wa baraza, yaani raia wanaokaa na jaji kumpa maoni yao. Kabla ya mabadiliko ya sheria ya 2022 walikuwa lazima, wasiopungua wawili, siku hizi ni mpaka mahakama ione haja. Kama walikuwepo, hakikisheni ni walewale tangu mwanzo hadi mwisho, angalieni kama walimbana shahidi kwa maswali ya dodoso badala ya kuuliza ufafanuzi tu, na kama jaji kwenye majumuisho, pale anapowafupishia kesi kabla hawajatoa maoni, aliwaeleza hoja zote za msingi, mfano utetezi kwamba hakuwepo eneo la tukio. Kesi ya Tulubuzya Bituro ya 1982 inasema akiacha hoja muhimu ni kama kesi imesikilizwa bila wazee kabisa. Ila sikilizeni vizuri, kasoro hii kwa kawaida inafuta mwenendo na kesi inaweza kurudi kuanza upya, mtu akabaki mahabusu. Ndo maana muiweke pamoja na udhaifu wa ushahidi, halafu mtaje Fatehali Manji ya 1966: kesi hairudiwi ili upande wa mashtaka uzibe mapengo yao.

Kwa kesi iliyoanzia mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, hoja zote wekeni Mahakama Kuu. Rufaa ya pili, ile ya Mahakama ya Rufani, ni ya mambo ya kisheria, hoja mpya ya ushahidi ambayo haikutajwa chini haitasikilizwa.

Hukumu zinasomeka bure kwenye tovuti ya TanzLII, na kama hela ya wakili haipo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawahusu hata walioko gerezani. Siku ya kusikilizwa, asiye na wakili anaweza kuomba wakili wa serikali aanze kujibu, halafu mkata rufaa mwenyewe amalizie, na wakati mwingine huyo wakili mwenyewe anasimama kuunga mkono rufaa.