SOMO: Afisa Uhamiaji akikukosea ukiwa Dodoma, unaanzia mlango upi

Mbukwenyi, ndugu zangu. Tangu yule mwenzetu wa Nkuhungu aulize kama mwananchi wa kawaida anaweza kulalamika dhidi ya Uhamiaji na akasikilizwa, nimekuwa na deni. Leo nalilipa. Mimi si wakili, ni msaidizi wa kisheria. Kazi yangu ni kuwaandikia watu barua na kuwasindikiza madirishani, kwa hiyo nitasema zaidi ninayoyaona dirishani kuliko yaliyomo vitabuni.

Nianze na lililonikuta. Miaka michache iliyopita shemeji yangu, mzaliwa wa Kondoa, alishushwa kwenye basi akitokea Babati. Walikuwa watu wawili, mmoja na sare, mwingine kavaa kiraia. Kiswahili chake kilionekana kina "lafudhi ya nje", na kitambulisho cha Taifa hakuwa nacho, alikuwa na namba tu. Walikaa naye hadi usiku, akatoa elfu themanini, akaachiwa. Tulipokwenda kulalamika tukaulizwa maswali matatu: majina yao nani, wa kituo gani, ilikuwa saa ngapi. Shemeji alijua la tatu tu, tena kwa kukisia. Mpaka leo hatujui kama wale walikuwa Uhamiaji, polisi au matapeli waliovaa sare. Malalamiko yakafia palepale, na aliyetuhoji sikumlaumu. Angeandika nini kwenye faili?

Sisi wa Dodoma tuna bahati. Karibu kila ofisi inayoweza kumwajibisha afisa wa Uhamiaji ina makao makuu hapahapa: Idara yenyewe, Wizara ya Mambo ya Ndani kule Mtumba, Tume ya Haki za Binadamu, TAKUKURU, CAG (Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali), Bunge. Mtu wa Kibondo anatafuta nauli ya siku mbili, wewe unapanda daladala. Ila hakuna hata mlango mmoja kati ya hiyo unaofunguka kwa maneno matupu.

(Vifungu sitavitaja kwa namba. Toleo la Urekebu la 2023 limeanza kutumika Julai 1, 2025 na sheria nyingi zimepangwa upya. Ukinukuu namba ya zamani, mtu wa masijala anapata sababu ya kukurudisha.)

HATUA YA 1: Palepale, kabla hujapandisha sauti

Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, inampa afisa mamlaka mapana. Anaweza kukuhoji, kudai hati, na kukukamata bila hati ya mahakama akikushuku kwa sababu ya msingi. Usibishane na mamlaka hayo barabarani, utashindwa. Kazi yako pale ni kukusanya.

Omba kuona kitambulisho chake, kisha kariri jina, cheo na kituo. Uliza unashikwa kwa kosa gani. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inataka mtu anayekamatwa aelezwe sababu. Halafu mtumie ndugu ujumbe mfupi: "Niko stendi ya Nanenane, nimeshikwa na afisa fulani." Ujumbe unajiandikia saa wenyewe, na hakuna atakayesema umeutunga baadaye. Kama ni kwenye basi, tunza tiketi, andika namba ya gari na namba ya simu ya kondakta. Kupiga video siishauri, kwa sababu nimeona simu ikigeuka kuwa kosa la pili.

Pasipoti au kitambulisho kikichukuliwa, omba karatasi inayoonyesha nani kakichukua na lini. Wengi wanaona aibu kudai hili. Kesi kubwa kuliko zote za aina hii Tanzania ilianzia hivyo, tena jirani zetu Babati. Mwaka 2012 Anudo Ochieng Anudo alikwenda polisi kwa ajili ya taratibu za ndoa yake, pasipoti yake ikazuiwa kwa madai kwamba uraia wake una shaka. Mwaka 2014 akafukuzwa kwenda Kenya, Kenya nao wakamrudisha, akabaki kwenye ardhi isiyo ya mtu pale mpakani Sirari. Machi 22, 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ilisema alinyang'anywa uraia kiholela na hakupewa nafasi ya kusikilizwa na mahakama.

Kuhusu pesa sina mengi. Malipo halali ya serikali yana kumbukumbu namba, ile tunayoiita kontroo namba. Usipopewa namba, hayo si malipo.

HATUA YA 2: Saa 24 za kwanza

Hii ni ya ndugu aliyebaki nje. Tafuta kwanza yuko kituo gani na nani kamwandikisha. Aliyekamatwa bila hati anatakiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au mapema iwezekanavyo ikishindikana. Ana haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Raia wa kigeni ana haki pia ubalozi wake ujulishwe, kwa Mkataba wa Vienna wa 1963. Akiwa na amri ya kuondoshwa nchini hesabu inabadilika, usikae kusubiri, mtafute wakili siku hiyohiyo. Huna pesa? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo kwa ajili yako.

Siku zikipita na mahakama haijamwona, wakili anaweza kuomba Mahakama Kuu iamuru mtu aletwe mbele yake. Hapa kwetu maombi hayo yanakwenda Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki.

HATUA YA 3: Barua moja, ukurasa mmoja

Mwandikie Afisa Uhamiaji wa Mkoa, nakala kwa Kamishna Jenerali wa Uhamiaji. Eleza tukio kwa mpangilio wa saa, taja mashahidi, kisha useme unataka nini: pasipoti irudi, pesa irudi, au afisa achukuliwe hatua za nidhamu. Barua isiyo na ombi haijibiwi. Matusi yaache nyumbani. Mimi huwa naandika nitasubiri siku 14. Hiyo si sheria, ni mazoea yangu, lakini inasaidia kuonyesha baadaye kwamba hukukurupuka.

Kisha ambalo watu hulisahau: nakala yako igongwe muhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe. Bila muhuri, barua yako haikuwahi kuandikwa.

HATUA YA 4: Tume

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora imo kwenye Katiba, Ibara ya 129 na 130, na ina sheria yake Na. 7 ya 2001. Unaandika kwa Kiswahili cha kawaida, hulipi kitu. Inaweza kumwita afisa, kudai majalada na kutembelea mahabusu. Lakini ijue mipaka yake: inatoa mapendekezo, haitoi hukumu, na haigusi jambo ambalo tayari liko mahakamani. Kwa maoni yangu inafaa zaidi pale unapotaka tabia ya ofisi ibadilike kuliko pale unapotaka fidia.

HATUA YA 5: Kama kuna rushwa

Piga 113, TAKUKURU, bure. Piga kabla hujatoa, si baada. Ukishatoa bado unaweza kusema, ila mtego haupo tena.

HATUA YA 6: Mahakama, na saa inayotembea

Hapa ndipo watu wanaponaswa. Ukitaka Mahakama Kuu ipitie uamuzi wa afisa au waziri, unatakiwa kuomba kibali ndani ya miezi 6 tangu uamuzi utolewe. Ukitaka kuidai Serikali fidia, unatoa kwanza notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu anaunganishwa. Ukisubiri Tume imalize uchunguzi, miezi 6 inaisha. Ukikimbilia mahakamani, Tume inaweka kalamu chini. Kwa hiyo amua mapema, ukiwa na wakili, na uandike tarehe ya mwisho ukutani kwa maandishi makubwa.

Ile njia ya Anudo kwenda Arusha imefungwa kwa mtu mmoja mmoja. Tanzania iliondoa tamko lake la kuruhusu watu binafsi kuishtaki kwenye Mahakama ya Afrika Novemba 2019 na uondoaji ukaanza kufanya kazi Novemba 22, 2020. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki bado iko wazi, ila inakupa miezi 2 tu.

HATUA YA 7: Bunge na CAG

Hizi hazitakurudishia pasipoti. Mwandikie mbunge wako kabla bajeti ya Mambo ya Ndani haijasomwa, na Aprili usome ripoti ya CAG uone fedha za vibali zimekusanywaje.

MASWALI YA WANACHAMA

Dereva wa Kondoa: Mkuu, sisi wa barabara hii ya Arusha hadi Mbeya tunapata shida. Ukibeba mtu bila kujua ni Mhabeshi, wewe ndiye msafirishaji. Nifanyeje?

Jibu: Kaka, kumsafirisha mhamiaji haramu ni kosa zito, na barabara yenu inajulikana. Juni 2012 miili ya Waethiopia zaidi ya 40 ilikutwa porini Chitego, Kongwa, baada ya kukosa hewa kwenye lori. Tangu hapo sishangai mkaguzi akiwa mkali. Tunza orodha ya abiria na stakabadhi za tiketi, usichukue kundi ambalo nauli yake analipa mtu mmoja ambaye hapandi. Na wale abiria pia wana haki zao. Sheria ya Kuzuia Biashara ya Usafirishaji wa Binadamu ya 2008 inamtambua aliyeuzwa kama mwathirika. Ukiona wanapigwa, hilo nalo ni lalamiko la Hatua ya 4.

Mama Kizota: Mume wangu ni Mkenya, kibali chake kipo. Walikuja nyumbani saa nne usiku, wakapekua hadi kabati la watoto. Niliogopa kuuliza.

Jibu: Pole sana dada. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda makazi yako. Sheria inaruhusu upekuzi bila hati katika mazingira fulani, lakini kuuliza "hati iko wapi?" si kosa. Wakija tena, waambie kwa heshima umwite mwenyekiti wa mtaa au balozi wenu wa nyumba kumi ashuhudie. Mara nyingi joto linashuka hapohapo. Leo hii kaa chini uandike unachokumbuka, na watoto wakubwa waandike chao bila kusikilizana na wewe. Kisha Hatua ya 3. Angalia pia kibali cha kuishi na kibali cha kazi, ni vitu viwili tofauti. Hiki cha pili kinatoka kwa Kamishna wa Kazi.

Mjukuu wa Ulyankulu: Babu alikuja kutoka Burundi 1972, akapewa uraia. Mimi nimezaliwa Tabora, sasa nafanya kazi Dodoma. Kila nikisafiri naulizwa "wewe wa wapi?"

Jibu: Watu takribani 162,000 wa kundi hilo walipewa uraia kufikia 2014, kwa hiyo usijione peke yako. Tunza nakala ya cheti cha uraia cha babu, cheti chako cha kuzaliwa na cha mzazi wako. Asili zake zibaki nyumbani, usitembee nazo. Kwenye kesi ya Anudo mahakama ilisema mtu akishakuwa na hati zilizotolewa na serikali yenyewe, ni serikali inayopaswa kuthibitisha kwamba si raia. Hoja hiyo ina nguvu, lakini inataka uwe na hati mkononi.

Mkulima wa Bahi: Haya mazuri kwenye maandishi. Afisa nitakutana naye tena kesho barabarani.

Jibu: Mzee wangu, woga wako una msingi, sitaudharau. Jenerali Ulimwengu (Jenerali ni jina lake, si cheo), mwandishi wa habari aliyewahi kuwa mbunge, aliambiwa mwaka 2001 si raia; sembuse mimi na wewe. Ndiyo maana Tume inapokea lalamiko linaloletwa na mtu mwingine kwa niaba yako. Kwa upande wa rushwa, ipo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015. Anza na msaidizi wa kisheria wa kata yako, jina lake ndilo liende mbele.

Kijana wa Chang'ombe: Barua ya mkono inakubalika? Na nakala ngapi?

Jibu: Ya mkono inakubalika, ila isomeke. Toa nakala nne: ya Mkoa, ya Kamishna Jenerali, ya Tume ukifika huko, na yako ya kugongwa muhuri. Ofisi zinafungwa saa tisa na nusu. Nenda asubuhi, maana mwenye muhuri akitoka kula unaweza kumsubiri sana.