Namna ya kusoma matokeo ya uchaguzi bila kuzubaishwa na asilimia

Uchaguzi ukiisha tu, pale kwa muuza kahawa hapa mtaani kwetu Mombasa hakukosi mtu wa kusoma asilimia kwa sauti kama anasoma matokeo ya mpira, huyu 50 yule 48, halafu anazima simu na kutoa hukumu, "wananchi wameshaamua". Zamani mtu huyo nilikuwa mimi. Siku hizi nikisikia asilimia nauliza kitu kimoja tu, asilimia ya nini? Hapo watu hununa, wanadhani naunga mkono upande fulani, kumbe nauliza hesabu ya darasa la sita. Basi nikaona niandike vile mimi hufanya, sio mambo ya chuo kikuu haya, ukiwa na kalkuleta ya simu na subira kidogo inatosha.

Anza na namba tatu, mshindi atangoja

Kabla hujauliza nani kashinda, tafuta waliosajiliwa ni wangapi, waliopiga kura ni wangapi, na kila mgombea kapata kura ngapi, kura zenyewe, sio asilimia. Ukikosa moja kati ya hizo bado hujajua kitu.

Twende na uchaguzi wetu wa Kenya wa tarehe 9 Agosti 2022 ndio uone. Waliosajiliwa walikuwa 22,120,458. William Ruto alipata kura 7,176,141, Raila Odinga 6,942,930. Asilimia zilizotangazwa pale Bomas, ukumbi wa Nairobi ambako kura za urais zilijumlishwa, zilikuwa 50.49 kwa 48.85, na ukiishia hapo utasema nchi ilijigawa katikati kama papai. Sasa chukua kalkuleta ugawanye upya, safari hii usigawanye kwa kura halali, gawanya kwa daftari lote. Ruto anatoka na asilimia 32 na nusu hivi, Raila 31 na kidogo, na waliobaki nyumbani, sikiliza hii, asilimia 35. Yaani watu kama milioni 7.8 wamesajiliwa na hawakutokea, ni wengi kumpita hata mshindi.

Lakini tahadhari hapa manake kuna watu wakishajua hii hesabu wanakuwa wabaya. Usiende kumwambia mtu ati fulani hakushinda. Katiba inataka nusu ya kura zilizopigwa na moja juu, pamoja na robo ya kura katika kaunti zaidi ya nusu, yaani 24, haimhesabu aliyelala. Ushindi ni jambo la sheria, maoni ya wananchi ni jambo lingine, na hii hesabu ya daftari lote inakusaidia kwa hilo la pili tu. Ukisema theluthi ya waliosajiliwa walimtaka kiasi cha kupanga foleni, uko sawa. Ukisema theluthi mbili hawamtaki umeshaongeza chumvi, manake wale wa nyumbani hujui walikuwa wanataka nini.

Ukilinganisha miaka, linganisha kura

Hapa ndipo wengi huanguka. Asilimia inaweza kupanda huku mtu anapoteza watu, na mfano mzuri kuliko wote tunao wenyewe hapa nyumbani.

Agosti 2017 Uhuru Kenyatta alitangazwa na kura 8,203,290, asilimia 54. Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi tarehe 1 Septemba, Raila akasema wa marudio hashiriki, na tarehe 26 Oktoba kura zikarudiwa. Uhuru akapata asilimia 98. Ukiangalia asilimia peke yake utasema ndani ya miezi miwili na nusu nchi nzima imempenda, kumbe kura zake zilikuwa 7,483,895, zimepungua zaidi ya laki saba! Kilichobadilika ni waliokuja, Agosti walijitokeza kama asilimia 79, Oktoba hawakufika hata 39, na kuna maeneobunge 25 kule Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori ambako kura haikupigwa kabisa. Kwa hio ukiona 95, 97, 98 mahali popote duniani usishangilie wala usitukane kwanza, uliza karatasini kulikuwa na nani, na nani hakuwepo, na kwa nini.

Upande wa pili ni Tanzania, nao naupenda mfano huu manake hauna kelele. Mwaka 2005 Jakaya Kikwete alipata kura milioni 9.1, asilimia 80. Mwaka 2010 akashinda tena kwa asilimia 60 na kitu, watu wakasema ameshuka kidogo. Kidogo wapi! Kura zilikuwa milioni 5.3, karibu milioni 4 zimeyeyuka na daftari lenyewe lilikuwa limeongezeka watu. Zilikwenda wapi? Ukidhani kwa upinzani, Dkt. Slaa aliyekuwa wa pili alipata kama milioni 2.3, na wa pili wa 2005, Lipumba, alikuwa na milioni 1.3, kwa hio hapo umepata kama milioni moja tu iliyohama. Waliojitokeza 2010 walikuwa kama asilimia 43 ya waliosajiliwa, kutoka kwenye 72. Wengi hawakuhama chama, walikaa nyumbani. Miaka mitano baadaye, Magufuli na Lowassa wakishindana kwelikweli, wakarudi hadi asilimia 67. Hiyo nayo ni habari, na asilimia za washindi haziwezi kukuambia.

Usimsemee aliyekaa nyumbani

Hili ndilo gumu na ndilo nataka tukae nalo.

2022 kaunti yetu ya Mombasa ilikuwa mkiani Kenya nzima, waliojitokeza kama asilimia 44 wakati nchi ilikuwa karibu 65. Wachambuzi kwenye TV wakasema Wapwani hawajali siasa. Hio ni rahisi kusema ukiwa studio. Mimi nina duka, nauza unga na vocha, nawajua waliokaa nyumbani kwa majina na kila mmoja ana lake. Kuna kijana alisajiliwa hapa halafu akapata kazi Saudia, jina lake bado liko kwenye daftari la hapa na huko Saudia hakukuwa na kituo, mwaka huo Wakenya wa nje walipigia nchi 12 tu na haikuwemo. Kuna mama amehamia kwa mwanawe Kilifi na hakubadilisha kituo. Kuna mzee ameshafariki. Usicheke, ukaguzi wa sajili mwaka huo ulikuta majina ya marehemu zaidi ya laki mbili na elfu arobaini nchi nzima, na kila marehemu aliyebaki kitabuni anahesabiwa kama mtu aliyekataa kuja. Halafu ndio kuna yule aliyeniambia wazi, "mimi nimepiga tangu 2002, mwambie huyo mgombea wako aje anunue maji haya ya chumvi". Huyo wa mwisho ndiye ana maoni, na ni maoni mazito, lakini kwenye hesabu anakaa kapu moja na marehemu.

Kwa hio kanuni yangu: kabla hujasema wamesusa, tafuta sababu zingine kwanza uzitoe. Sajili ilisafishwa lini? Watu wa hapo wanahamahama kama mijini ama wametulia kama vijijini? Ushindani ulikuwepo ama mshindi alijulikana tangu kura za mchujo? Kulikuwa na hofu? Kuna chama kiliwaambia watu wasiende? Kisha linganisha sehemu hio na yenyewe miaka iliyopita, usilinganishe Mombasa na Bomet kule Bonde la Ufa, manake Bomet watu wanajitokeza kupita kiasi kila uchaguzi, hasa mgombea urais akiwa wa kwao. Cha maana ni kama pale pale pameshuka.

Tena tulipata mtihani mzuri sana mwaka huo huo. Usiku wa kuamkia uchaguzi tukaambiwa kura ya gavana hapa Mombasa na kule Kakamega imeahirishwa, karatasi zimechanganywa. Zikaja kupigwa tarehe 29 Agosti, siku ya kura moja tu, rais ameshatangazwa. Nilifungua duka mapema nikaenda, nikarudi dakika kumi hazijaisha, foleni hakuna, karani anasinzia. Abdulswamad Nassir akashinda kwa kura 119,083 dhidi ya 98 elfu na kitu za Hassan Omar, kwenye kaunti yenye waliosajiliwa karibu 642,000. Waliokuja ni kama theluthi, na mshindi ana chini ya mmoja kati ya watano. Je, ndani ya wiki tatu watu wa Mombasa walibadilisha maoni kuhusu ugavana? La, walichoshwa na safari ya pili. Ukiona uchaguzi mdogo ama wa marudio una watu wachache, usikimbilie kusema wananchi wamekata tamaa, pengine ni Jumatatu tu na watu wana kazi.

Ikiwezekana anzia mlangoni

Asilimia za taifa ni supu iliyochujwa mara tatu. Nyama iko kwenye fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo kimoja, inayobandikwa mlangoni baada ya kuhesabu. Mimi 2022 nilikuwa ajenti wa mgombea mmoja wa udiwani, na kitu ninachokumbuka sio kelele, ni ile saa ya usiku karatasi inabandikwa kwa selotepu kwenye mlango wa darasa na watu kumi na kitu tunamulika simu, kila mtu anapiga picha. Kila mmoja alikuwa anatafuta jina la mtu wake. Mimi mwenyewe hivo hivo, ni asubuhi ndio nikaangalia ile picha vizuri nikaona kumbe kuna mistari mingine yenye faida zaidi.

Tafuta mstari wa waliosajiliwa katika kituo hicho, sheria yetu inaweka mwisho 700, halafu kura halali, halafu zilizokataliwa. Jumlisha halali na zilizokataliwa, gawanya kwa waliosajiliwa. Tuseme kituo kina 600, halali 270, zilizokataliwa 6, hapo waliokuja ni asilimia 46. Fanya hivo kwa kila darasa la shule hio hio. Vituo vinagawanywa kwa herufi za majina, sio kwa chama, kwa hio madarasa ya shule moja yanatakiwa yafanane fanane. Ukikuta moja lina 46, lingine 49, lingine 44, sawa. Ukikuta moja lina 93 hapo ndio mahali pa kuuliza maswali, kwa upole, pengine ni makosa ya kuandika tu manake hao makarani wako macho tangu jana alfajiri.

Zile zilizokataliwa pia usizipuuze. 2013 Uhuru alitangazwa na 50.07, kavuka mstari kwa kura elfu nane na kitu, nchi nzima ikashika roho. Kumbe asilimia hio ilipigwa pamoja na kura zilizokataliwa, laki moja na kitu. Mahakama ya Juu ikasema hizo zisihesabiwe, na ukiziondoa anakuwa na 50.5 hivi bila kupata hata kura moja zaidi. Ndio nasema kila siku, asilimia ya nini?

Kura moja isibebeshwe mzigo wa zote

Hapa nitaenda haraka. Mkenya anapewa karatasi sita, na mtu yule yule kwenye kijumba kile kile anaweza kusema mambo mawili. Kwale 2022 Raila alishinda urais vizuri kabisa, na ugavana ukaenda kwa Fatuma Achani wa UDA, chama cha Ruto. Meru wakampa Ruto urais na ugavana wakampa Kawira Mwangaza, mgombea huru. Sasa hao wa Kwale walikuwa serikali ama upinzani? Walikuwa watu wa Kwale. Ukitaka maoni yao soma karatasi zote sita, usisome ya juu peke yake.

Na zile kura za maoni za kabla ya uchaguzi, 2022 nyingi zilimweka Raila mbele, halafu watu wakazitukana. Mimi sidhani zote zilikuwa za uongo. Mtu akipigiwa simu Jumapili amekaa na chai anasema ndio nitapiga, nitampigia fulani, na anamaanisha. Kumwamsha Jumanne saa kumi na moja alfajiri ni kazi nyingine, na baadhi ya ngome za Raila, hii yetu ikiwemo, hazikuamka. Kwa hio ukisoma kura ya maoni jiulize wanaosema hivi ni wa sehemu gani, na sehemu hio huwa inajitokeza?

Kingine, usisahau ambao hawakusajiliwa kabisa, manake hata ile milioni 22 sio watu wazima wote. Mwaka 2022 vijana wa miaka 18 hadi 34 kwenye sajili walikuwa milioni 8.8, chini ya asilimia 40, na walikuwa wamepungua ukilinganisha na 2017, kwenye nchi ambayo ukipanda matatu saa yoyote unaona mwenyewe umri wa watu. Juni 2024 wakati wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha wale wale walijaza barabara. Walikuwa na maoni, sanduku ndio halikuwa limeyapokea.

Kitu cha mwisho ni cha vitendo. Nunua daftari, ama tumia la zamani. Andika jina la kituo chako, waliosajiliwa, waliokuja, zilizokataliwa, na kura za kila mtu kwenye karatasi zote sita, weka na tarehe. Picha za simu hupotea, mimi yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji mwezi wa Disemba. Bahati nilikuwa nimeshayanakili kwenye daftari la duka, yako ukurasa mmoja na madeni ya unga, na Agosti 2027 nitaufungua huo huo nigawanye upya. Madeni pia mengine nadhani yatakuwa bado yapo.