Jinsi ya kuanza kupiga ragitaimu ya Scott Joplin bila kuiharibu

Kinachowaangusha wengi kwenye ragitaimu, ule muziki wa piano wa Wamarekani weusi wa mwanzoni mwa karne ya 20, ni spidi. Wanaona kwenye sinema jamaa anagonga piano mbio mbio basi wanajua ndo inavyotakiwa, wakati Joplin mwenyewe, mtunzi maarufu wa muziki huo, alikuwa anachapisha onyo kwenye nota zake kwamba hii kitu si ya kupiga haraka. Kwa hiyo shusha spidi, tena shusha sana.

Anza na mkono wa kushoto peke yake. Huo ndo unatunza taimu: besi chini (mara nyingi oktavu, yaani nota ileile ya chini na ya juu yake pamoja), unaruka juu kwenye kodi (nota kadhaa kwa mpigo mmoja), besi, kodi, besi, kodi, hadi uruke bila kuutazama. Kulia ndo kuna uchokozi, nota zinaanguka katikati ya mapigo na nyingine unazishikilia mpaka pigo linalofuata limepita, sasa hapo kushoto nako kutataka kufuata kulia, ukiona hivyo simama, hesabu kwa sauti, rudia mizani (vile vyumba vya mapigo kwenye nota) miwili tu. Mwaka 1908 Joplin alitoa kijitabu cha mazoezi sita, School of Ragtime, kwa ajili ya shida hiyo hiyo.

Wimbo wa kuanzia uwe The Entertainer (1902), uko kwenye ufunguo wa C, hauna flati wala shapu. Maple Leaf Rag (1899) ndo uliompa jina, lakini una flati nne (nota nne za kushusha nusu toni) na kushoto kunapanda piano nzima, usubiri kwanza. Nota zote zipo bure mtandaoni maana Joplin alifariki 1917 na hakimiliki zake zimeshaisha.

Nyimbo zote mbili zina vipande vinne vya mizani 16, kwa mpangilio wa AABBACCDD, kwa hiyo ukishika A, inayopigwa mara tatu kati ya tisa, umeshapata theluthi ya kazi. Jifunze kipande kimoja mpaka kikae ndo uende kingine.

Na usiongeze madoido yako. Joplin alisoma muziki wa Ulaya tangu utotoni kule Texarkana, Marekani, kwa mwalimu Mjerumani, Julius Weiss, baadae akaandika hadi opera, Treemonisha, akaichapisha kwa hela yake 1911, kwa hiyo kila nota kaiweka makusudi. Pedali ya kulia, ile inayoshikilia sauti, nayo gusa kidogo tu, ukiikanyaga muda wote besi na kodi zinachanganyika na ule mruko hausikiki tena.