Somo: Leza baada ya kutolewa mtoto wa jicho, na usalama wa lenzi yako

Kliniki kila wiki nasikia, "Sista, mtoto wa jicho amerudi." Hawezi kurudi. Alikuwa kwenye lenzi yako ya kuzaliwa, nayo ilishatolewa. Kilichobaki ni ganda lake jembamba, ambamo daktari aliweka lenzi ya bandia. Chembe hai za lenzi ya zamani zilizosalia pembeni huota, zikatambaa nyuma ya lenzi, na ganda likaingia ukungu. Lenzi yenyewe ni safi. Kazi ya leza ni kutoboa dirisha kwenye ganda hilo lenye ukungu.

Hatua ya 1. Pimwa presha ya macho na uangaliwe retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, maana kisukari nacho hufifisha macho na leza hii haikitibu. Na kama lenzi imekusumbua tangu mwanzo, labda unaona miduara kwenye taa za magari, au namba yake, yaani nguvu ya lenzi, haikukaa sawa, sema kabla. Ganda likishatobolewa, kubadilisha lenzi huwa kazi ngumu na ya hatari zaidi. Wengi hawaambiwi hili, nami linaniuma.

Hatua ya 2. Utawekewa matone ya kutanua mboni na ya ganzi. Kidevu kwenye kibao, paji la uso kwenye mkanda. Hakuna kisu.

Hatua ya 3. Utasikia tik, tik. Leza hii, aina iitwayo YAG, hupasua kwa cheche ndogo mahali ilipolengwa, hadi ganda lifunguke dirisha la milimita 3 au 4. Shida ni kwamba ganda na lenzi vimekaribiana mno. Kwa hiyo daktari hulenga nyuma kidogo ya ganda na kuanza na nguvu ndogo, kama milijuli 1 (kipimo cha nishati) kwa kila cheche. Cheche ikiangukia lenzi, huacha kishimo, kama kioo cha gari kilichopigwa na kokoto. Lenzi za silikoni huumia upesi zaidi. Tulia, usifuatishe mwanga kwa jicho.

Hatua ya 4. Presha hupimwa tena, maana yaweza kupanda saa chache za mwanzo.

MASWALI

— Shikamoo sista. Baba ameambiwa lenzi yake ina vishimo vitatu. Itolewe?

Marahaba. Anaona vizuri? Basi iachwe. Vishimo vichache kwa kawaida havimzuii mtu kuona.

— Lenzi haiwezi kuponyoka kupitia hilo tundu?

Ni nadra sana. Dirisha ni dogo kuliko lenzi, na kingo za ganda bado zimeishika. Ndiyo maana hatukimbilii leza wiki chache baada ya upasuaji. Tunaacha lenzi ishike kwanza.

— Mimi nilipigwa leza juzi, naona vidoa vinaelea kama mbu.

Hivyo ni vipande vya ganda, dada, vitapungua siku hadi siku. Lakini vikizidi ghafla, ukaona mimweko ya radi au kivuli kama pazia upande mmoja, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili. Huenda retina inabanduka.