SOMO: Kumtunza Wheaten, mbwa aina ya teria wa Ayalandi (chana KABLA ya maji!!)

Wakuu habari zenu, hili somo niliahidi kitambo kazi zikanibana. Mimi niko Dublin, nafanya saluni ya mbwa, ndio saluni, cheka tu mimi kodi nalipa. Ayalandi ina teria wa aina nne ila anayenimaliza ni Wheaten, rangi ya ngano iliyoiva, manyoya laini kama hariri, dume begani sentimita 46 hadi 48. Zamani mbwa wa wakulima wa hali ya chini, anaua panya, anaswaga ng'ombe, analinda boma, kutambuliwa rasmi mpaka 1937.

Tabia: ukimlinganisha na teria wengine huyu mpole, ila ukirudi nyumbani anakurukia mpaka akulambe pua. Usimfokee, mpe mgongo, miguu yote minne ikiwa chini ndo umsalimie. Kichwa ngumu pia, ukimpeleka kwa mabavu anakususia. Na paka wa jirani akikatiza mbele, kama hujashika kamba umeumia.

Hatua ya 1: kitana cha chuma chenye meno marefu, brashi ya vijiwaya, chupa ya kupulizia maji yenye kondishena kidogo.

Hatua ya 2: USIANZE NA MAJI. Nikiwa mgeni kazini nilimuogesha mmoja na mafundo yake, alivyokauka kwapa zote zimeshikana kama zulia, ikabidi anyolewe karibu kipara, mwenye mbwa alinitazama tu hakusema kitu, bora angetukana.

Hatua ya 3: anza miguuni panda juu. Mkono mmoja unainua manyoya, mwingine unayashusha kidogo kidogo unachana, mstari kwa mstari, mpaka uone ngozi. Brashi peke yake inadanganya, juu panang'aa chini godoro, kwahiyo kitana kipite toka kwenye ngozi mpaka nchani bila kukwama. Ukikuta fundo libane upande wa ngozi asisikie maumivu, lifumue kwa vidole. Kwapa, nyuma ya masikio, ndevu na chini ya kola ndo penye shida.

Hatua ya 4: sasa ogesha, kausha huku unachana. Kucha fupi, basi.

MASWALI

Mkuu nimeletewa kitoto cheusi cheusi, nimepigwa?
– Hapana mkuu, wanazaliwa na rangi ya giza halafu inapauka, inatulia kwenye miaka 2 hivi. Hapo katikati manyoya yakibadilika mafundo ni kila siku, jipange.

Mimi niko Mombasa na hili joto, ninyoe kipara?
– Fupi sawa, kipara hapana dada, jua litamchoma ngozi. Mtembeze alfajiri na jioni.

Mwanangu ana aleji, nasikia huyu hapukutishi manyoya?
– Anapukutisha kidogo sana, lakini aleji inatoka hata kwenye mate na ngozi. Mtoto akashinde na mmoja kwanza ndo ununue.

Magonjwa je?
– Hapa usikilize vizuri. Wana maradhi ya ukoo, protini inapotea kupitia figo au utumbo. Mkojo na damu vipimwe kila mwaka hata akionekana mzima, na ukiona anakunywa maji kupita kawaida, anakonda, anaharisha, usimpe dawa za kubahatisha, siku hiyo hiyo kwa daktari wa mifugo.