Jinsi ya kuzisikiliza rekodi za Dinu Lipatti (na kwa nini usianzie mwisho)

Ukimuuliza mtu wa piano aanzie wapi kumsikiliza Dinu Lipatti, karibu kila mmoja atakuelekeza kwenye onyesho lake la mwisho, lile la Besançon kule Ufaransa tarehe 16 Septemba 1950, alilopiga akiwa mgonjwa hoi, miezi miwili na nusu tu kabla hajafariki akiwa na miaka 33. Ni rekodi nzuri mno, sibishi. Ila ukianzia pale utaskia ugonjwa kabla hujaskia piano, na kila noti laini utaifanya kuwa kwaheri. Mimi naona huyu jamaa anaonewa sana kwa hilo, maana alikuwa mpigaji mwenye nguvu, mwenye vidole vya chuma, na ushahidi upo, kwa hiyo hapa nakuwekea njia ya kumsikiliza akiwa mzima kwanza.

Kwa ufupi tu ujue unamsikiliza nani. Mpiga piano Mromania, kazaliwa Bucharest 1917, baba yake wa ubatizo ni George Enescu, mpiga fidla na mtunzi mkubwa wa nchi ile. Mwaka 1933 aliingia mashindano Vienna akapewa nafasi ya pili, na Alfred Cortot, mpiga piano maarufu wa Ufaransa aliyekuwa mmoja wa majaji, akakasirika hadi akajiuzulu, halafu akamchukua kijana akasome Paris. Vita ilipopamba moto akahamia Uswisi mwaka 1943, akawa anafundisha Geneva, na huko ndo saratani ya limfu, ile inayoitwa Hodgkin, ikamkamata. Basi, hayo yanatosha.

Kitu cha kwanza cha kukutia moyo ni kwamba mzigo wenyewe ni mdogo. Wapiga piano wengine wameacha makasha ya CD mpaka huwezi kubeba, huyu kazi zake kuu zinaenea kwenye kasha moja la CD saba. Hakuna sonata (kazi ndefu ya ala yenye sehemu kadhaa) hata moja ya Beethoven. Alikuwa hataki kurekodi kitu mpaka kiive kabisa, na muda hakuwa nao. Kwa hiyo wewe msikilizaji huna haja ya kuchagua sana, kila kitu utakifikia bila haraka, na ndo maana mpangilio unakuwa na maana kuliko kwa mpigaji mwingine yeyote.

Kabla hujabonyeza chochote weka simu yako sawa. Zima bass boost na kile kikorombwezo cha "3D" au "surround", kwa sababu rekodi hizi zote ni za mono, yaani sauti ileile sikio la kulia na la kushoto, na ukiilazimisha isambae inakuwa kama piano imewekwa ndani ya tangi la maji. Usidhani eafoni zako mbovu ukiona sauti imekaa katikati tu. Tena kama una eafoni imekufa upande mmoja, kwa Lipatti hupotezi noti hata moja. Kama bando linaruhusu, shusha kwa ubora wa juu kabisa ukiwa kwenye WiFi, maana sauti ya zamani tayari ina mchakacho wake na ukiibana tena kwenye faili dogo vile vitu laini vinakufa vyote. Halafu zima shuffle! Hili nitalirudia kwenye walzi, yaani vile vipande vya Chopin vya mwendo wa dansi ya mapigo matatu.

Sasa anza London, studio za Abbey Road, mwaka 1947 na 1948. Prodyuza wake alikuwa Walter Legge wa Columbia, lebo ya kampuni ya rekodi ya EMI, na kitu cha kwanza kabisa nataka uweke ni "Alborada del gracioso" ya Ravel, Aprili 1948. Ni kama dakika sita hivi. Humo kuna noti moja inayogongwa mfululizo kwa kasi ya bunduki, na kuna sehemu mkono unateleza juu ya funguo mbili kwa pamoja kutoka chini kwenda juu, kitu ambacho kinawachuna wapiga piano ngozi, sasa skiliza yeye anavyoteleza, hakuna mkwaruzo, hakuna kupunguza mwendo ili ajipange, na zile noti za kugonga kila moja ina kichwa na mkia wake. Iweke mara mbili tatu. Ukishaiskia hiyo hakuna mtu atakayekuambia tena Lipatti ni mpigaji wa huzuni na upole ukakubali.

Kutoka hapo nenda kwenye konseto mbili (kazi za piano na okestra), ya Grieg aliyorekodi Septemba 1947 na kondakta Alceo Galliera, na ya Schumann ya Aprili 1948 na kondakta Herbert von Karajan, zote na okestra ya Philharmonia. Zote mbili ziko kwenye A ndogo (A minor) na zote zinaanza kwa piano kushuka kwa kishindo, kwa hiyo zipange moja baada ya nyingine uone anavyotofautisha, Grieg anaipa upana, Schumann anaiendesha mbele. Jambo la kujua hapa ni kwamba enzi zile walirekodi kwa ajili ya santuri za kasi ya 78 (mizunguko kwa dakika), upande mmoja unabeba kama dakika nne na kidogo tu, kwa hiyo konseto nzima ilipigwa vipande vipande na baadaye ikaunganishwa. Ukisikia mchakacho wa chini unabadilika ghafla katikati ya wimbo, hapo ndo upande wa santuri uliisha. Sasa jiulize, mtu anasimamishwa kila baada ya dakika nne, anapumzika, anaanza tena, na bado mwendo na hisia havijakatika? Kwangu hilo ni kubwa kuliko spidi ya vidole.

Ongeza Sonata namba 3 ya Chopin ya 1947 na "Barcarolle" ya 1948, hizo sitazieleza sana, ziskilize tu.

Baada ya hapo ndo uende Geneva, Julai 1950. Hapa lazima ujue kilichotokea: alikuwa amedhoofika sana, akapewa cortisone, dawa mpya wakati ule na ghali kweli, ikampa nafuu ya muda, na Legge akaona hakuna kungoja, wakampelekea vifaa vya kurekodi mpaka studio ya redio Geneva. Ndani ya siku chache tu za mwezi ule zikapatikana Partita namba 1 ya Bach (mfululizo wa vipande vya mtindo wa dansi), sonata ya Mozart ya A ndogo K. 310, na walzi 14 za Chopin, pamoja na vipande vingine vya Bach. Mozart usiipite haraka. Mkono wa kushoto unaanza na kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) zinazorudiwarudiwa kama mtu anatembea kwa hasira, na wapigaji wengi hapo wanazipondaponda, yeye anaziweka chini ya sauti ya juu bila kuzifuta, unazihisi zinasukuma. Sikiliza mara moja ukifuata mkono wa kulia, mara ya pili fuata kushoto peke yake.

Walzi sasa. Lipatti hakuzipiga kwa kufuata namba 1 mpaka 14, alikuwa na mpangilio wake, anaanza na namba 4 na anamalizia na namba 1 kisha 2, na alipanga hivyo kwa sababu walzi moja inaandaa sikio kwa nyingine, ya furaha inafuatwa na ya kutafakari, na zile mbili za kishindo zimewekwa mwisho. Matoleo mengi kwenye Spotify na YouTube yamezipanga upya kwa namba, mengine bila hata kusema. Tengeneza plelisti yako mwenyewe hivi: 4, 5, 6, 9, 7, 11, 10, 14, 3, 8, 12, 13, 1, 2. Kazi ya dakika tano, na utashangaa ilivyo kitu kingine kabisa. Kwenye ile namba 5, baada ya mtikisiko wa mwanzo, mkono wa kulia unahesabu mbili wakati wa kushoto unahesabu tatu, jaribu kupiga mezani uone shughuli yake, halafu msikilize yeye, mikono miwili haigombani na wala haiyumbi.

Hapo ndo uko tayari kwa Besançon. Programu karibu ni ileile ya Julai, Bach, Mozart, Chopin, na ameongeza impromptu mbili (vipande vifupi vya piano) za Schubert, na sababu umeshaijua sauti yake ya studio unaweza kuskia kwa haki kilichobadilika na ambacho hakijabadilika. Usiruke zile sekunde za mwanzo kabla ya Bach: anagusa funguo, anapandisha kodi taratibu kwenye tuni ileile ya Partita yenyewe, kama wapigaji wa zamani walivyofanya kuonja piano na kuandaa ukumbi, desturi ambayo leo karibu imepotea kabisa. Matoleo mengine yamezikata, kama yako haina tafuta lingine. Na walzi ukihesabu utapata 13, sio 14. Namba 2 ilimshinda, nguvu ziliisha, akatoka, akarudi akapiga kile kipande cha Bach kilichopangwa kwa piano na Myra Hess, mpiga piano Mwingereza, "Jesu, Joy of Man's Desiring", ambacho hakimo kwenye rekodi. Ukitaka kukisikia, kipo kwenye zile za Geneva za Julai. Kwa hiyo ukikuta toleo linaloandika "Besançon" na lina walzi 14 kamili, namba 2 imetolewa studio.

Hilo linanileta kwenye kuhakiki, na hapa kuwa makini kweli. Miaka ya 1960 EMI walitoa santuri ya Konseto namba 1 ya Chopin wakisema ni Lipatti. Watu wakaisifia miaka na miaka, mpaka mwaka 1981 ikagundulika kwamba mpigaji ni Halina Czerny-Stefańska, yule mama wa Poland aliyeshika nafasi ya kwanza kwa pamoja na Bella Davidovich kwenye mashindano ya Chopin ya 1949. Rekodi yake ilikuwa inauzwa kwa jina la mwanaume aliyekwisha kufa! Baadaye ya kweli ikapatikana, ya Zürich, tarehe 7 Februari 1950, kondakta Otto Ackermann. Kwa hiyo ukikutana na konseto hiyo yenye jina la Lipatti tafuta kwanza jina la kondakta na mji, kama hawajaandika Ackermann na Zürich, iache. Na ile nyingine ya Czerny-Stefańska isikilize pia kwa jina lake, ni nzuri na anastahili.

Tabia hiyo ya kutafuta tarehe, mji na kondakta ifanye kwa kila kitu, maana rekodi za zamani namna hii Ulaya zimeshatoka kwenye hakimiliki ya kampuni, kila mtu anazitoa, na maelezo mengi yanaandikwa ovyo. Konseto ya Schumann kwa mfano ipo ya Karajan ya 1948 na ipo ya jukwaani Geneva na Ernest Ansermet ya Februari 1950, ni rekodi mbili tofauti kabisa na app zinazichanganya. Kuhusu usafishaji wa sauti, usidanganyike na toleo lisilo na mchakacho hata kidogo. Chukua kipande kimoja cha polepole, sikiliza mwisho wa noti ndefu kwenye matoleo mawili: kama noti inafifia taratibu mpaka inazama, chukua hilo hata likiwa na kelele, kama inakatika kama imefungiwa mlango, wamefuta mchakacho pamoja na piano yenyewe.

Ukimaliza yote hayo, kuna mbili za kuongeza. Sonata za fidla za Enescu namba 2 na 3, zilizorekodiwa Bucharest 1943 Enescu mwenyewe akipiga fidla na Lipatti kwenye piano, hapo utamskia akiongea lugha ya kwao. Halafu tafuta walzi za Chopin alizorekodi Cortot mwaka 1934, ziweke walzi kwa walzi dhidi ya za mwanafunzi wake, anza na namba 7.