Kuziba madirisha kwa plastiki kabla ya baridi: mwongozo kwa wanaojitolea hapa Maine, Marekani

Oktoba ikifika, simu hazikatiki. Ni familia zilizohamia Lewiston na Portland kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, zimepanga kwenye nyumba kuukuu za mbao ambazo madirisha yake hayazuii upepo, na mafuta ya kupashia nyumba joto ni ghali. Wengi hukimbilia kununua hita. Mimi husema tuzibe kwanza, joto lililokwisha kulipiwa lisitoke nje. Hivi ndivyo ninavyowaelekeza wenzangu wapya tunaokwenda nao majumbani.

1. Ruhusa na vipimo

Hakikisheni mwenye nyumba ana habari. Pimeni fremu ya kila dirisha, mkaongeze sentimeta tano kila upande mnapokata plastiki.

2. Tafuteni upepo kwa udi

Siku ya upepo ndiyo nzuri. Washa kijiti cha udi, kipitishe polepole kandokando ya fremu, mapazia yakiwa yamefungwa mbali. Moshi ukiyumba ghafla, hapo ndipo panapovuja. Mara nyingi ni pale kioo cha juu kinapokutana na cha chini, kwa sababu komeo limeachwa wazi. Lifungeni, vioo vibanane. Nyufa kubwa zizibwe kwa ile kamba laini kama udongo wa kufinyangia, inayokandamizwa kwa vidole. Povu la kupuliza silitaki kabisa kwenye nyumba ya kupanga: likishakauka, kulitoa ni kuharibu fremu.

3. Mkanda wa gundi

Hapa ndipo kazi inapoharibikia. Mtu anabandika mkanda wenye gundi pande mbili asubuhi, usiku plastiki yote imeshuka sakafuni, na familia inaamini kitu chenyewe hakifai. Plastiki haina kosa. Fremu ilikuwa na mafuta ya kupikia, vumbi, au unyevu.

Futeni kwanza kwa maji ya sabuni, kausheni, kisha pitisheni kitambaa chenye spiriti. Jikoni rudieni mara ya pili. Chumba kiwe na joto, maana gundi haishiki kwenye mbao baridi. Fremu ikiwa ya baridi sana, ipashwe kidogo kwa kikausha nywele na muiguse kwa kiganja kuona kama imekauka kweli.

Tazameni rangi pia. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978, mwaka ambao rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, ilipigwa marufuku majumbani Marekani, inaweza kuwa nayo bado. Rangi ikiwa inabanduka, msikwangue wala msipige msasa, hasa penye watoto wadogo. Acheni dirisha hilo, mwambieni mwenye nyumba. Familia hiyo iandikisheni kwa WindowDressers, shirika lililoanzia Rockland mwaka 2010, ambako watu wa kujitolea hutengeneza fremu za msonobari zenye plastiki pande mbili, zinazochomekwa dirishani bila gundi. Ila fremu hizo hupimwa mapema na kutengenezwa kwa pamoja, kwa hiyo msingoje theluji.

Rangi ikiwa nzima, bandikeni mkanda, kwa ndani ya chumba, kwenye ubao unaozunguka dirisha, msibandike kwenye sehemu inayopanda na kushuka. Hewa iliyonaswa kati ya kioo na plastiki ndiyo inayokinga baridi, hivyo plastiki isiguse kioo. Pembeni, vipande vya mkanda vikutane bila pengo. Sugueni mkanda wote kwa mgongo wa kijiko, mkiacha karatasi yake ya juu. Mimi huuacha ulale usiku mzima ikiwezekana.

Kila chumba cha kulala muachie dirisha moja la kutokea moto ukizuka. Likizibwa kwa lazima, waonyesheni hata watoto namna ya kuichana plastiki.

4. Plastiki

Watu wawili, bandueni karatasi ya mkanda na mshikize plastiki juu ya gundi, kuanzia juu. Mikunjo isiwatie wasiwasi. Kikausha nywele kwenye moto mkali, kianzie pembeni, kisisimame mahali pamoja. Ikikaza mpaka ikilia kama ngoma ukiigonga, ndipo mkate kingo. Ukikata kabla, itavutika na kuachia.

5. Kabla ya kuaga

Nyumba ikizibwa, hewa mbaya nayo haitoki. Angalieni kama king'ora cha kaboni monoksidi kinafanya kazi. Gesi hiyo ya sumu, itokayo kwenye moto, haina rangi wala harufu. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata makaa yakibaki mekundu tu, na oveni si ya kuotea moto. Mama mmoja mzee aliniambia kwao wamelala na jiko miaka yote. Nilimjibu kwa heshima kwamba nyumba ya kwao ilipumua kupitia paa, hii haipumui. Hita ya umeme ikae mita moja kutoka godoro na pazia, ichomekwe moja kwa moja ukutani.

Mwisho ombi la HEAP, msaada wa gharama za joto unaosimamiwa na MaineHousing. Hata wapangaji wanaruhusiwa kuomba. Msiwaachie karatasi ya Kiingereza mezani mkaondoka. Pigeni 211, namba ya simu ya kuelekeza watu kwenye misaada, mkiwa bado mmekaa nao, ombeni mkalimani wa Kiswahili, na mwandike siku ya miadi pamoja na hati zitakazohitajika: vitambulisho, uthibitisho wa kipato cha kila mtu mzima, na bili ya mafuta au umeme.